Blenda imeungua siku ya tisa, dukani wananiambia "haturudishi". Nifanyeje?

Swali: "Shikamoo mamangu. Mimi naishi Bombolulu, Mombasa, nauza juisi ya ukwaju na ya maembe nyumbani. Wiki moja kabla ya Ramadhani nilikwenda duka moja la vyombo pande za Mwembe Tayari, nikamwambia muuzaji nataka blenda ya kusagia juisi ya kuuza. Akanitolea moja ya shilingi 6,500, akanambia hii yasaga hata barafu. Nililipa kwa M-Pesa, nikapewa risiti. Siku ya tisa ikatoa moshi. Nilipoirudisha, muuzaji alininyoshea kidole karatasi ya ukutani, 'Bidhaa zikishauzwa hazirudishwi', akasema mbele ya watu kwamba nimeitumia vibaya. Nilinyamaza nikaondoka. Tangu siku hiyo nikiingia duka lolote najiona mdogo. Nikiulizwa 'wataka nini?' nababaika, na mara nyingi natoka na kitu ambacho sikukitaka. Je, nina haki yoyote? Na mtu kama mimi, nisiyependa kelele, nitaidai vipi?"

Jibu: Marahaba mwanangu. Haki unayo, na bado hujachelewa kuirudisha hiyo blenda. Kwanza nakuomba jambo moja: usimpe fundi aifungue. Najua jirani atakwambia ana kijana wake pale Kisauni anayetengeneza mashini kwa shilingi 500. Akishagusa zile skrubu, duka litasema fundi ndiye aliyeiharibu, na hapo utakuwa umewapa neno la kujitetea. Ifute, irudishe kwenye boksi lake pamoja na jagi na kijitabu chake, uiweke.

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale ulipoandika "nilinyamaza nikaondoka". Sisi wa pwani tumelelewa kwamba mwenye adabu hagombi dukani, na mwanamke ndiye anayeambiwa hivyo zaidi. Ni malezi mazuri, siyasemi vibaya. Lakini wanaouza wanayajua, na wapo wanaoyategemea. Wakiona mtu ameinamisha kichwa wanapandisha sauti kidogo tu, mtu anajiondokea mwenyewe, na hasara inabaki Bombolulu badala ya kubaki dukani.

Nalijua hili kwa sababu nilikuwa upande ule wa kaunta. Kabla ya kuanza kazi hii ya kuwashauri wanunuzi, niliuza vyombo vya umeme mjini miaka kumi na tisa, na karatasi kama hiyo uliyoonyeshwa niliibandika kwa mkono wangu. Tajiri wangu aliniambia niiweke juu ya kichwa changu ili mteja akinitazama aione. Kitu kikirudi kibovu, mwisho wa mwezi nilikatwa mshahara, mimi na si aliyekileta kutoka kiwandani. Basi nikajifunza kuwa mkali. Siku moja alikuja mama na pasi ambayo haikupata moto hata mara moja. Nilimwambia ameiharibu mwenyewe kwa maji. Nilijua ninamsingizia. Alinitazama, akaifunga pasi yake ndani ya leso, akatoka bila neno. Uso wa yule mama sijausahau mpaka leo.

Nakueleza haya ili umfahamu huyo kijana aliyekuaibisha. Huenda alikuwa akiutetea mshahara wake tu. Kwa hivyo ulizungumza na mtu ambaye hana uwezo wa kukubali hata kama angetaka. Anayeweza kusema "ndiyo" yuko nyuma, kwenye ofisi ndogo yenye sefu, au hafiki dukani mpaka saa nne asubuhi. Hilo ndilo la kwanza la kurekebisha, na halihitaji kelele yoyote.

Sasa ile karatasi. Inamhusu mtu aliyebadili nia. Ukinunua sufuria ukafika nyumbani ukaona ni kubwa kuliko jiko lako, duka lina haki ya kukukatalia, na likikubali kukubadilishia ni kwa hisani yao. Kitu kibovu ni habari nyingine. Tunayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ya tangu enzi za mkoloni, na kifungu chake cha 16 kinasema mambo mawili ambayo ningependa uyashike. Moja, mtu anayeuza bidhaa za aina fulani kama kazi yake anachukuliwa kuwa ameahidi kwamba bidhaa hizo zinafaa kuuzwa, hata kama hakutamka ahadi yoyote. La pili ndilo lako hasa: mnunuzi akimweleza muuzaji anataka kitu kwa kazi gani, na akautegemea ujuzi wa muuzaji katika kuchagua, basi kitu hicho lazima kiifae kazi hiyo.

Rudi usome barua yako. "Nikamwambia muuzaji nataka blenda ya kusagia juisi ya kuuza." Wewe hukuchagua rafuni, yeye ndiye aliyekutolea. Kisha akaongeza kwamba yasaga hata barafu. Bila kujua, mwanangu, ulisema maneno ambayo wakili angekufundisha uyaseme. Laiti ungeingia ukanyosha kidole na kusema "nipe ile ya bluu", shauri lako lingekuwa jembamba zaidi.

Hapa nitakuwa mkweli kwako, kwa sababu meneja atakuuliza. Blenda nyingi zinazouzwa mjini ni za nyumbani, na vijitabu vyake vinataka mota ipumzishwe baada ya dakika chache za kusaga. Ikiendeshwa mfululizo, waya za ndani hupata moto, ile rangi inayozifunika huungua, na huo ndio moshi uliouona. Kwa hivyo wakisema umeifanyisha kazi nyingi, huenda wana ukweli. Lakini jibu lake lipo: "Nilisema ni ya kuuza juisi, nikaambiwa hii ndiyo inayofaa." Kama haikufaa, aliyepaswa kukueleza ni nani? Usiogope kuyakubali matumizi yako. Ukisema uongo kwamba uliisagia glasi moja kwa siku, watakubana na utababaika. Ukweli wako una nguvu ya kutosha.

Na ulinzi wa mnunuzi haukomei hapo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, haki ya kupewa maelezo, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kulipwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Juu yake ikaja Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012, na hiyo inasema haki ilizozitoa hazifutwi na makubaliano yoyote, sembuse karatasi iliyobandikwa kwa gundi.

Basi nenda tena. Usiende Jumamosi jioni wala mwisho wa mwezi, wakati duka limejaa na kila mtu ana haraka. Nenda Jumanne au Jumatano, saa nne au saa tano asubuhi. Chukua boksi, risiti, na ule ujumbe wa M-Pesa. Kama simu yako ina mazoea ya kufuta ujumbe, upige picha leo. Kisha ufungue usome jina la waliopokea pesa. Likiwa ni jina la duka, au jina la biashara linaloonekana kwenye risiti, vizuri sana. Likiwa ni jina la mtu tu, liandike pembeni ya risiti, maana siku wakisema hawakujui, hilo ndilo linaloonyesha pesa zako zilikwenda kwa nani na saa ngapi.

Ukifika, salimu kama ulivyozoea. Yule kijana akikuona ataanza na wimbo wake wa mara ya kwanza. Usishindane naye. Mwambie, "Ndugu yangu, sikuja kwako kwa ubaya, naomba kumwona mwenye duka au meneja." Akisema hayupo, uliza anakuja saa ngapi, na umwambie utamngoja. Kungoja dukani na boksi miguuni kuna maana yake. Kila mteja anayeingia analiona hilo boksi, na mwenye duka analijua hilo kuliko mtu yeyote. Biashara haigombi, ndivyo wasemavyo wafanyabiashara wenyewe, na ndiyo sababu wengi watataka ukae faragha ofisini. Kubali, ingia.

Ukishakaa, sema maneno machache. Nakuandikia yangu, yageuze yawe yako: "Tarehe fulani nilinunua blenda hii hapa kwa shilingi 6,500. Nilimwambia muuzaji ni ya juisi ya kuuza, akanichagulia hii. Siku ya tisa imeungua. Naomba munibadilishie kwa inayofaa kazi hiyo, au munirudishie pesa zangu." Kisha nyamaza. Kimya hiki si kile cha siku ile. Siku ile ulinyamaza bila kuomba chochote, sasa umeomba na unangoja jibu. Watu wengi huharibu hapa. Wakiona meneja anafikiri, wanaanza kujieleza, mara watoto, mara kodi ya nyumba, mara Mungu atawalipa, na ombi lenyewe linapotea ndani ya hadithi. Mwache afikirie.

Na ujue unataka nini kabla hujavuka kizingiti. Nimewaona wengi wanaorudi na hasira ya kweli, na wakiulizwa "sasa wataka tufanyeje?" hawana jibu. Duka haliwezi kukupa kitu usichokitaja. Wakikwambia wataitengeneza, si vibaya, lakini uliza itakuwa tayari tarehe gani, na tarehe hiyo iandikwe. Wakikwambia utaongeza pesa uchukue kubwa zaidi, fikiri. Kwa kazi yako huenda hilo ndilo jambo la busara kuliko kupewa nyingine kama ile, ikaungua tena siku ya tisa. Mimi ningekubali, mradi zile 6,500 zihesabiwe zote.

Wakikataa kabisa, toa kalamu. Geuza risiti yako upande wa nyuma na useme, kwa upole uleule, "Sawa. Naomba uniandikie hapa kwamba nimeileta tarehe ya leo na mumekataa, uweke jina lako." Sijui jambo lingine dogo lenye uzito kama hili. Niliposimama kaunta niliwaogopa wateja wawili tu katika wote waliowahi kunijia, na wote wawili walikuwa wapole, wote wawili walitaka niandike. Mtu anayepiga kelele ukimngoja atachoka. Anayeomba maandishi ana mpango. Wengi hapo watabadilisha sauti. Akikataa hata kuandika, toka nje, andika wewe mwenyewe kwenye daftari: tarehe, saa, nani alisema nini. Jioni hiyo mtumie ujumbe kwa namba ya duka, uzirudie zile sentensi zako nne, na umpe siku saba.

Siku saba zikipita, iko Mahakama ya Madai Madogo, na Mombasa tunayo. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ikaanza kusikiliza kesi Nairobi mwaka 2021, kisha ikasambazwa miji mingine. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mauzo ya bidhaa ni miongoni mwa mambo yake. Huhitaji wakili. Unajaza fomu, unaeleza shauri lako mwenyewe, kwa Kiswahili ukitaka, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Utaniuliza, kesi kwa blenda? Mara nyingi haifiki huko. Mwenye duka akijua unaijua njia ya mahakamani, anapiga hesabu ya asubuhi atakazopoteza akikaa kwenye benchi, na 6,500 inakuwa ndogo. Lakini usiitaje kama tisho siku ya kwanza. Itaje tu ukiwa uko tayari kwenda.

Nimekaa sana kwenye blenda kwa sababu ina tarehe zake na dawa yake. Lile la kujiona mdogo ni gumu zaidi, na sitakudanganya kwamba sheria italiondoa.

Kuna maduka mjini hapa ambamo mtu anapimwa kwa viatu kabla hajafungua kinywa. Mimi mwenyewe, mwaka jana tu, niliingia duka moja la mapazia upande wa Nyali nikiwa na buibui langu la kila siku na kikapu cha samaki. Msichana wa pale alinifuata kila nilipokwenda, akigusa kila kitambaa nilichokigusa ili akikunje upya, na nilipouliza bei akanambia, "Hizi ni ghali." Nilisikia moto usoni, na umri wangu huu. Nilimjibu, "Sikuuliza kama ni ghali, nimeuliza bei." Akaitaja. Nikamshukuru, nikatoka, pazia nikalinunua kwingine. Sikumshinda wala sikutaka kumshinda. Nilitaka kutoka na pesa zangu na heshima yangu, na nilitoka navyo vyote.

Wewe anza na vitu vidogo, pahali ambapo hakuna cha kupoteza. Akikuuliza "wataka nini?" huna deni la kujibu papo hapo. Sema "naangalia kwanza" na uangalie kweli. Kesho nenda Marikiti, ulizia bei ya binzari kwa watu watatu, na usinunue kwa yeyote. Lile soko lipo tangu 1914 na limezoea wanaouliza bila kununua, hakuna atakayekufa. Watu wa pale watakuita mamangu, dadangu, watakuonjesha, watakushika mkono, na kila kitu ni bei maelewano. Hiyo ni shule. Unajifunza kwamba unaweza kusema "ahsante, nitarudi" na miguu ikakutii. Mtu aliyejifunza hivyo hasukumiki kirahisi kwenye duka la kiyoyozi.

Jambo la pili linaloondoa woga ni kuijua namba kabla ya kuingia. Anayejua bei ya juu ya petroli, ambayo EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati, huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi na Mombasa ina bei yake, hababaishwi kwenye pampu. Anayeisoma bei ya rafuni na kuishika kichwani, mashine ya supermaketi ikitoa nyingine anasema "rafuni mumeandika 180" kabla hajalipa. Kutangaza bei moja na kutoza nyingine ni jambo ambalo Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko yake, lakini hapo kaunta sentensi moja kwa kawaida yatosha. Soko la Kongowea ni hivyohivyo: tazama mizani kabla haijawekwa kitu, iko kwenye sufuri? Mizani ya biashara hukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo, na kuuliza "muhuri wako uko wapi, kaka?" si matusi.

Na blenda ijayo, mwanangu, usiilipie kabla haijanguruma. "Niwashie nione." Maduka ya vyombo yana soketi hapo kaunta kwa kazi hiyo, na sheria ileile ya Sura ya 31 inampa mnunuzi nafasi ya kukagua anachonunua. Iwashwe na maji ndani ya jagi, si tupu. Tazama alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, uitume namba ya kibali kwa ujumbe wa simu kwenda 20023 ukiwa umesimama hapohapo. Uliza waranti ni ya muda gani na kama inaruhusu kazi ya biashara, maana nyingi haziruhusu na huandikwa kwa herufi ndogo. Halafu risiti. Wasikuandikie "blenda 1". Waandike jina lake, namba ya modeli, na ukiweza kuwashawishi, waandike "ya juisi ya biashara". Muuzaji anayejua kitu chake kitadumu hataona uzito kuyaandika hayo maneno manne. Akianza kuguna, hapo umeshajibiwa, na 6,500 zako bado ziko mfukoni.

Nenda Jumanne. Vaa unavyovaa siku zote. Ukitoka niandikie walichosema, neno kwa neno kama waliandika nyuma ya risiti, na tarehe waliyokupa. Kama ni mahakamani, tutaijaza ile fomu pamoja.